Msemaji wa Mguu Wangu

Mguu wangu wa kushoto uliuawa na sindano. Wataalamu wana maneno yao ya upole, eti neva imejeruhiwa, lakini mimi niliyekuwa juu ya kitanda kile nasema uliuawa. Nilikuwa natoka Tororo kuuza vitenge, homa ya malaria imenibana, nikaingia kliniki moja ya kando ya barabara. Wakanilaza ubavu. Mhudumu akanidunga takoni huku simu ameibana kati ya bega na sikio, anacheka na mtu wa upande wa pili. Papo hapo moto ukashuka kutoka takoni mpaka kidole kidogo cha mguu, kama mtu amevuta waya ndani ya nyama. Nikapiga ukelele. "Nyabo, mama, tulia," akaniambia, "sindano ni sindano." Malaria ikapona. Moto haujazimika mpaka leo.

Ubaya wa maumivu ya neva ni kwamba hayana kidonda. Mguu hauvimbi, hautoi usaha, hauna hata kovu la kumwonyesha mtu. Ukiutazama ni mguu tu wa mwanamke wa makamo, umepakwa mafuta, una hina siku za Idi. Lakini shuka likiugusa, wallahi, ni kama nimepakwa pilipili mbichi. Upepo wa feni sitaki. Soksi sitaki. Halafu una vituko: siku nyingine unakaa kimya kutoka asubuhi mpaka alasiri, mimi mwenyewe naanza kuusahau, mara niko katikati ya kumenya vitunguu unanipiga shoti, kisu kinadondoka. Anayenitembelea asubuhi ananikuta nacheka. Anayekuja jioni ananikuta nimeng'ata kanga. Hao wawili wakikutana sokoni, lazima mmoja atasema mimi natia chumvi.

Mume wangu alikuwa wa kwanza kusema. "Mguu gani huu unauma siku ya kazi, siku ya harusi unapona?" Akahamia Rubongi, karibu na Tororo, akaoa mwanamke ambaye miguu yake yote ni mizima. Haya, Mungu awape afya. Sikumlilia sana, kwa sababu nilikuwa na dada yangu.

Mama alizaa wasichana wawili tu, dada na mimi, yeye mkubwa. Nilipoachika nikarudi kwake, katika nyumba aliyotuachia mama hapa Busia, upande wa Uganda, karibu na mpaka kiasi cha kusikia honi za malori yanayongoja forodha. Tangu nirudi, kila siku baada ya sala ya Magharibi dada alipasha mafuta ya simsim kwenye kikombe cha bati, akaketi mkekani, akauweka mguu wangu mapajani mwake, akanichua. Alijua pa kupita na pa kuruka. Hakuwahi hata siku moja kuniuliza kama kweli naumwa. Mji mzima uliniuliza, msikitini, sokoni, kwenye matanga. Yeye hakuuliza, na mimi nilimpenda kwa hilo kuliko nilivyowahi kumpenda mtu yeyote.

Hapa lazima nieleze jambo la mji wetu, maana mgeni hataelewa kwa nini watu walikuwa wagumu kiasi hicho. Busia, tulipokuwa wadogo, mwili wa mwanamke ulikuwa gari la mizigo. Wanawake walivuka kutoka upande wa Kenya na mimba za sabuni. Walivuka na makalio ya betri za redio. Mama yetu kazi yake ilikuwa vitenge, na gari lake lilikuwa mimi. Alinifunga vitenge pajani, tabaka juu ya tabaka, akakaza na kamba za kitambaa, akanivisha gauni refu. Mguu uliofungwa hivyo haukunjiki. Kwa hiyo ilibidi mtoto awe mgonjwa.

Mazoezi yalifanyika uani, upande ule wa Kenya, kwa rafiki wa mama. Nilitembea kutoka mlango wa jiko mpaka kwenye mpapai na kurudi. "Unachechemea kama bata," mama alisema. "Uma mdomo kidogo. Kidogo! Umezidisha, rudi." Na dada alikuwa msemaji. Kazi yake ilikuwa kunishika kiwiko na kuongea na askari. Mama alimsikiliza maneno yake moja moja kama mwalimu wa madrasa anavyosikiliza mtoto. "Afande, huyu mdogo yangu mgonjwa. Mguu yake nauma sana. Natoka hospitali." Askari akitukazia macho, dada aliniminya kiwiko. Maana yake: vumilia, tunakaribia. Na mama alikuwa na sharti moja. Ukishaanza kuchechemea, chechemea mpaka mlangoni kwetu, kwa sababu macho ya forodha hayakai forodhani peke yake. Tulipoingia ndani na kufunga komeo, ndipo nilipopata ruhusa ya kupona. Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Sisemi haya kwa kujuta. Hakuna nyumba ya Busia iliyojengwa kwa kujuta. Nasema ili ueleweke ule mzaha ulionifuata baada ya sindano. Mwaka ule ule wa kwanza nilivuka na dada kwenda upande wa Kenya kumwona ndugu aliyejifungua. Wakati wa kurudi, askari mmoja wa kike, mtu mzima wa hapa hapa, akanitazama ninavyoburuta mguu akaangua kicheko. "Ala! Mama, kumbe nyinyi bado? Leo umebeba nini?" Foleni nzima ikacheka. Akanipeleka kwenye kile chumba cha kupekulia wanawake, akaukamata mguu kwa mikono miwili. Nilipiga kelele nikamwangukia begani.

Dada yangu alivunja ule mlango kwa ulimi. "We mama, mwache! Huyu mdogo yangu mgonjwa! Mguu yake nauma sana!" Sauti ilisikika mpaka kwenye malori. Yule askari akaomba radhi, hata soda alitaka kutununulia, dada akakataa. Akanishika kiwiko, akakiminya, tukaenda nyumbani polepole. Njia nzima nililia, na si kwa maumivu tu. Nilijisemea, nina mtu.

Miaka ikaenda. Daktari wangu wa Tororo alinipa vidonge vya kulala, vikanilaza hata mchana. Akabadilisha, vikanivimbisha uso. Mwisho akasema yeye amefika ukingoni, lakini Nairobi kuna daktari mwenzake anayeshughulika na maumivu peke yake, na kuna kifaa. Habari ya pesa naiacha, ilipatikana kwa njia zake. Nilikwenda safari ya kwanza peke yangu, nimekaa upande mmoja wa tako kwenye basi siku nzima.

Yule daktari ni mwanamke mpole, anaongea taratibu, anakungoja umalize. Alikitoa kifaa kwenye droo akaniwekea kiganjani. Ukubwa wa kiberiti, na nyaya mbili nyembamba kama uzi wa kushonea magunia. Kinazikwa chini ya ngozi, juu ya tako, nyaya zinapandishwa mpaka kwenye uti wa mgongo. Kinatoa umeme mdogo mdogo, na umeme huo unaizuia habari ya maumivu isifike kichwani.

"Yaani ni askari wa forodha," nikasema.

Alicheka vizuri. "Ndiyo, mama. Lakini sikudanganyi, magendo mengine yatapita. Kinaweza kuzuia nusu. Kinaweza kuzuia zaidi. Na kuna watu hakiwafanyii kitu kabisa, ndiyo maana tunaanza na majaribio. Tunakuwekea nyaya tu kwa wiki moja, kifaa kinabaki nje, unakaa nacho nyumbani. Ukipata nafuu, tunakipandikiza. Usipopata, tunatoa."

Nusu! Yeye alikuwa ananionya, mimi nilikuwa nasikia muziki. Moto ule ukipungua nusu ningeweza kuvaa viatu. Ningeweza kurudi Tororo kuuza, niketi kwenye kibanda changu kama mtu. Ningeweza kulala na shuka.

Akaniambia kuna jambo moja limebaki. Wao hawamwekei mtu kifaa mpaka wamezungumza na mtu anayeishi naye. Wiki ile ya majaribio mgonjwa mwenyewe hujidanganya, kwa hamu tu. Wanataka jicho la pili, mtu atakayewaambia kama kweli amelala, kama kweli amesimama jikoni. Na wanataka kusikia kwa mtu huyo maumivu yakoje kabla. "Kuna mtu nyumbani anayekujua hivyo?"

Nilicheka kwa kujidai. "Daktari, mimi nina dada."

Nilipomweleza, dada aliacha kunichua, mafuta yakapoa kikombeni. "Wanapasua mgongo?" akauliza. Nikamwambia kidogo tu, kwa sindano nene na wembe. "Na wanatia umeme ndani?" Umeme mdogo, nikasema. Akarudi kunichua. Nilidhani ananihofia, nikamminya bega kumtuliza.

Tulisafiri pamoja. Asubuhi ya pili, daktari alianza na mimi, kisha akamwita dada peke yake, nami nikabaki kwenye kiti cha ukumbini nimenyoosha mguu, namwombea dua asije akaona haya kuongea. Nilifikiri aibu ndiyo tatizo! Alikaa mle ndani muda mrefu. Mlango ulipofunguka daktari aliniita, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mama," akasema, "dada yako ameniambia mambo ambayo sitaki uyasikie kutoka kwangu. Nimemwomba ayaseme mbele yako."

Dada alikuwa anazungusha pindo la mtandio kwenye kidole. Hakunitazama. Alimtazama daktari, kama alivyozoea kumtazama askari.

"Mimi nasema kweli, daktari," akaanza. "Huyu mtoto yetu mimi napenda sana. Lakini mguu yake iko sawa. Hakuna kitu. Mimi namwona kwa harusi, nasimama na mwiko kwa sufuria ya pilau, nacheka. Usipasue yeye. Nakuomba kwa Mungu, usipasue yeye."

Sikuelewa. Yarabi, kwa kweli sikuelewa, nilidhani amechanganya, amefikiri anaulizwa habari za mguu wa kulia. "Dada," nikamwambia, "wewe unanichua kila siku."

"Nakuchua, ndiyo."

"Unanichua nini kama hakuna kitu?"

Hapo ndipo aliponigeukia, na alikuwa analia. "Si nilikuwa nakufichia!" akasema. "Mume yako alikuwa mbaya, mimi nilijua unamkimbia. Nikasema mdogo yangu ana akili, amekumbuka mguu ya mama, ile ya vitenge. Nikafunga mdomo. Watu nauliza, mimi nasema mgonjwa. Forodha nacheka, mimi nasema mgonjwa. Mama alisema usiache kabla ya kufika nyumbani, si ndiyo? Mimi nilidhani wewe bado haujafika. Lakini mgongo, mtoto wa mama! Magendo gani hii ya kupasuliwa mgongo?"

Daktari aliinamisha kichwa. Mafuta yote yale! Jioni zote zile! Nilikuwa nadhani nimelazwa mapajani mwa mtu anayeniamini, kumbe nimelazwa mapajani mwa mtu anayenisaidia kudanganya. Mume wangu aliniita mwongo na akaondoka, angalau huyo nilijua amekaa wapi. Huyu alikaa. Alikaa, akapasha mafuta, akanitunza kama mwongo wake mpendwa.

Daktari akasema kwa upole kwamba hatakataa moja kwa moja. Yeye ananiamini, alisema, vipimo vya neva anavyo mezani. Lakini hawezi kunipeleka nyumbani na nyaya mgongoni nikauguzwe na mtu anayesema hakuna kitu. Huyo huyo ndiye angemtegemea kumwambia kama nimepata nafuu, nafuu ya nini? "Nendeni mkazungumze. Mrudi baada ya mwezi, jina lako litabaki kwenye orodha mpaka hapo. Kama kuna mtu mwingine nyumbani, njoo naye." Hakuna mtu mwingine nyumbani. Mama alishakufa, na watoto sikujaliwa.

Kwenye basi alininunulia mahindi ya kuchoma, nikampa jirani. Tulipofika mpakani tukashuka kuvuka kwa miguu, akanishika kiwiko kwa mazoea, akakiminya. Niliutoa mkono wangu kwa nguvu hivi kwamba wanaume wa boda boda waligeuka kutazama. Nilichechemea peke yangu mpaka mlangoni, na nilipofika ndani sikupona. Nilimgeukia nikamwambia, "Haya, tumefika. Nimefunga komeo. Unaona nimepona?" Aliingia jikoni, nikasikia anapasha mafuta.

Nilimwambia asinishike. Akaketi mkekani hivyo hivyo, kikombe mkononi. "Sasa nani atakuchua?" akauliza, na ubaya wa swali lile ni kwamba halikuwa na ubaya wowote.

Siku chache baadaye moto ulikuja vibaya, mchana, niko ukumbini nakunja nguo. Uliniangusha chini. Dada alitoka jikoni, akasimama mlangoni na ungo mkononi, na safari hii hakunikimbilia. Alinitazama. Alikuwa anatafuta kuona, maskini, alikuwa ametoa macho kabisa anatafuta kuona kama ni kweli. Nami nikiwa pale sakafuni, nimejikunja, machozi yananitoka, nikajikuta nauma mdomo. Kidogo, si sana, nisije nikazidisha. Nikasikia ninavyolia, nikajiuliza kama nalia vizuri. Kitu hicho sitamsamehe. Mengine pengine, siku moja. Lakini maumivu yangu yalikuwa yangu peke yangu, yalikuwa kitu pekee nilichokuwa na uhakika nacho, na yeye ameyatia doa hata mimi nayakagua kama askari.

Moto ulipotulia aliweka ungo chini, akaja akakaa karibu yangu, mbali kidogo, asiniguse.

"Bado sijui," akasema. "Nikikuangalia naona wewe ile ya kwa mpapai. Hata sasa. Nataka kuamini, macho nakataa."

"Basi acha."

"Lakini hiyo kidude wewe unataka kweli?"

Nikamwambia nakitaka kuliko pumzi.

Akafuta mikono kwenye kanga yake. "Basi niambie niseme nini," akasema. "Wewe niambie, mimi nitasema. Daktari hatajua."

Loo, nilitaka kumpiga na ungo. Nilikaa na hasira ile siku nzima, nikaipika, nikaila, nikalala nayo. Ukweli wangu, ulio ndani ya nyama yangu, utapita kwa daktari kama vitenge, umefungwa pajani mwa uongo wa dada yangu. Na nikikataa kuupitisha hivyo, mwezi utaisha, jina langu litafutwa, nitabaki na mguu huu na heshima yangu mpaka kaburini. Heshima haivai viatu. Asubuhi nikamwita uani.

Tulisimama jua likiwa bado dogo, yeye karibu na mlango wa jiko, mimi nimekalia ndoo iliyopinduliwa. "Sema," nikamwambia. Akasema mguu unauma sana. "Hapana, hivyo ndivyo ulivyosema kwa askari. Sema unavyouma. Sema shuka. Sema kisu kinadondoka." Akarudia. "Umezidisha machozi, rudi." Akavuta pumzi, akaanza upya. Nilimsahihisha kama mama alivyotusahihisha, neno kwa neno, na kila neno nililompa lilikuwa kweli.

Kesho tunapanda basi. Jana alasiri tulifanya kwa mara ya mwisho. Alikunja mikono mbele, akamtazama daktari asiyekuwapo, na akaanza kusema kwa sauti ya chini, bila haraka, kwamba ana mdogo wake, wametoka tumbo moja, na kwamba amekaa naye miaka hii yote na ameona kwa macho yake mwenyewe jinsi anavyoteseka. Alisema namna ninavyoliinua shuka kwa kidole kabla ya kulala. Alisema jinsi ninavyonyamaza ghafla katikati ya kicheko kwenye harusi, nikauegemea mwiko, halafu nikaendelea kucheka ili watu wasijue. Hilo sikuwa nimemfundisha.

Nikasubiri aseme kitu baada ya hapo, anitazame, abadilike. Aliinua ungo wake akauliza, "Vipi, nimeweza?"

Nikamwambia ameweza. Ningekuwa mimi ndiye daktari, ningemwamini.